Maswali ya Cherehani: Mfarishi Uliolala Sandukuni na Gunia la Vipande

Barua za mwezi huu zimetoka Tudor, Kisauni, Majengo, Likoni na Mikindani, na zote zinazungukia jambo moja: mifarishi ya viraka iliyoanzwa ikaachwa njiani, pamoja na vipande vya vitambaa vinavyozidi kurundikana nyumbani. Tumezifupisha ili zote zipate nafasi.

Assalaam aleikum. Mamangu, Mungu amrehemu, aliacha sandukuni mfarishi wa viraka ambao hakuwahi kuumaliza. Safu tano zimeshashonwa, kila safu ina vipande 12, na kila kipande kilichoshonwa kina inchi 5 kwa 5. Kuna vipande vingine 36 vilivyokatwa tu, na kama kumi kati ya hivyo ni vidogo kuliko vinginevyo. Dada zangu wanataka niumalize uwe wa kitanda cha 5 kwa 6, kama alivyokusudia marehemu, lakini vitambaa vile havipatikani tena madukani. Kila nikiutoa naurudisha. Nianzie wapi?
*Binti wa Marehemu, Tudor*

Waaleikum salaam, dada, na pole kwa msiba. Hesabu uliyoitaja inatosha kutuonyesha mamako alikuwa akifanya nini. Safu ya vipande 12 ina inchi 60, yaani futi 5 kamili, ambao ndio upana wa kitanda chenyewe. Basi alikuwa akishona kwa kufuata upana wa kitanda, na ili afike futi 6 kwenda chini angehitaji safu 15, ambazo ni vipande 180. Wewe unavyo 96. Umepungukiwa na vipande 84 vya vitambaa usivyoweza kuvipata, na hata ungevipata, mfarishi huo ungefunika juu ya godoro tu bila kushuka pembeni. Ndiyo maana kila ukiutoa unaurudisha.

Ushauri wangu ni kwamba uwaombe dada zako waachane na kitanda cha 5 kwa 6. Zigeuze zile safu tano zilale kwa urefu badala ya upana, kisha uunganishe vipande 36 vilivyobaki vipate kuwa safu tatu zaidi za vipande 12. Hapo utakuwa na safu nane, yaani uso wa inchi 40 kwa 60, ambao haukuhitaji hata kipande kimoja cha kununua. Uzungushie ukanda wa kitambaa kimoja tulivu, wa rangi moja, unaobaki na upana wa inchi 6 baada ya kushonwa, na mfarishi utafika inchi 52 kwa 72. Huo unakitosha kitanda cha mtu mmoja cha futi 2 na nusu kwa 6 kwa urefu kamili, na unateremka inchi 11 kila upande. Ukanda huo usiukate kwa kupima ukingo wa viraka, kwa sababu kingo huvutika na hudanganya; pima katikati ya mfarishi, ukate ukanda kwa kipimo hicho, kisha uubane kwa pini kuanzia ncha mbili na katikati kabla ya kushona.

Kuhusu vile vipande kumi vidogo, usijaribu kuvilazimisha kwa kupunguza mshono. Katika ushonaji wa viraka tunaacha robo inchi kila upande, na ukiacha nusu ya hiyo kitambaa kitachomoka mfarishi ukifuliwa mara ya pili au ya tatu. Kiunge kila kipande kidogo ukanda mwembamba kwenye pande mbili zinazopakana, upige pasi, kisha ukikate upya kwa inchi 5 na nusu. Vitaonekana tofauti kidogo na vingine, nami naona hilo ni zuri. Anayeujua mfarishi atajua mkono wa mama uliishia wapi na mkono wa binti ulianzia wapi.

Kabla ya yote hayo, zijaribu safu zilizoshonwa. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa mshono, uvute kwa upole. Uzi ukikatika wenyewe, umeoza, na safu hiyo ifumuliwe ishonwe upya. Kitambaa chenyewe kikifumuka, kigandamizie kwa nyuma kipande cha shuka jepesi, kwa maana kukiacha hivyo ni kujitafutia tundu.

Kwa bitana ninakupendekezea doti moja ya leso. Leso ina takriban sentimita 150 kwa 110, na ukizishona leso mbili pamoja kwa upande mrefu unapata kitambaa cha inchi 59 kwa 85 hivi, ambacho hata kikishajikunja kwa kufuliwa bado kinauzidi mfarishi wako kwa angalau inchi 2 kila upande. Pima kabla hujaondoka dukani, kwani leso hazilingani zote. Halafu zifue kabla ya kushona, kwa sababu leso mpya ina wanga unaoipa ugumu, na nyekundu na nyeusi hupenda kuchuja. Iloweke pamoja na kitambaa cheupe kisicho na kazi, na uendelee kubadilisha maji mpaka kitambaa hicho kitoke cheupe kama kilivyoingia.

Tabaka la katikati lisikusumbue. Vitabu vingi vya kazi hii huandikwa na watu wa nchi za baridi, nao huagiza pamba nene ambayo hapa Mombasa ingekufanya uutupe mfarishi chini kabla ya usiku wa manane. Shuka kuukuu la fulana linatosha kabisa kwa usiku wa kusi, mwezi wa Julai, tunapotafuta cha kujifunika, na wapo wanaoacha matabaka mawili tu, uso na bitana. Kwa ukingo utahitaji nusu yadi ya pamba yenye upana wa inchi 45: ikate kanda saba za inchi 2 na nusu, uziunge, uzikunje katikati kwa urefu, ushone upande wa mbele kwa mashine, kisha ugeuze na kumalizia nyuma kwa mkono.

Nina kazi saba ambazo sijazimaliza. Kila nikiona mtindo mpya kwenye simu naanza nyingine. Mume wangu amesema kabati limejaa. Je, nimalize zote kabla sijaanza ya nane, au niruhusiwe ya nane?
*Mwenye Kabati, Kisauni*

Bi Mwenye Kabati, ruhusa ya kazi ya nane sinayo mimi, na naona mume wako ameshaitoa hukumu. Nikujibu hili la saba.

Zitoe zote siku moja, uzitandaze kitandani, na kwa kila moja uandike kwenye karatasi hatua moja tu inayofuata, si hatua zote zilizobaki. Usiandike "kumaliza mfarishi wa bluu". Andika "kupima safu ya tatu" au "kununua uzi mweupe". Ukisha, zisome karatasi hizo saba pamoja. Mara nyingi mtu hugundua kwamba kazi zake zote zimekwama mahali pamoja, na kwa washonaji wengi mahali hapo ni kuunganisha matabaka matatu. Kushona viraka kunafanyika mezani kidogo kidogo, uso unakamilika na kupendeza, halafu inahitajika sakafu tupu, magoti na nusu siku, na hapo mfarishi hukunjwa ukawekwa "kwa muda".

Basi itenge siku moja ya sakafu, uunganishe kazi mbili au tatu kwa mpigo. Fagia na upige deki, pakauke vizuri. Tandaza bitana upande wake wa ndani ukiwa juu, uibandike kwenye vigae kwa utepe wa karatasi kuzunguka kingo zote, ikiwa imenyooka lakini haikuvutwa kama ngozi ya ngoma, kwa maana bitana iliyovutwa ikibanduliwa hurudi na kukunja uso wote. Weka tabaka la katikati, ulilainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha uweke uso. Sasa piga bandi kwa uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu ya kama inchi 2, ukianzia katikati kila mara kuelekea pembeni, na mistari iachane kwa upana wa kiganja. Wengine hutumia pini za kufungia badala ya uzi, na zinafaa, mradi usiziache humo miezi sita. Barua ya mwisho itakuonyesha kwa nini.

Baada ya bandi hakuna sababu ya kukwama tena. Kama cherehani yako ni ya kukanyaga, weka meza upande wake wa kushoto ibebe uzito wa mfarishi, kunja upande wa kulia ukiwa umeviringwa vizuri upite chini ya mkono wa mashine, punguza mgandamizo wa mguu wa cherehani, urefushe mshono kidogo, na ushone mistari iliyonyooka kuanzia katikati. Ikiwa hata hilo linakutisha, funga mafundo: chukua uzi mnene wa pamba, tumbukiza sindano kutoka juu, itoe tena karibu na hapo, ufunge fundo mara mbili, ukate uache nusu inchi, na urudie kila baada ya inchi 4. Mafundi wa magodoro ya sufi na ya pamba wamekuwa wakiyafunga magodoro kwa njia hii tangu hapo. Mfarishi wa mafundo haupungukiwi na heshima yoyote, na jioni mbili zinatosha.

Ila si lazima zote saba ziishe. Ikiwa kati yao ipo ambayo huipendi tena, rangi zake zimekuchosha au ulianza kwa sababu jirani alianza, ikate vipande uviingize kwenye akiba, au umpe mtu anayejifunza kushona. Kazi hiyo nayo imemalizika, na unaweza kumwambia mume wako hivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo. Vipande vinavyobaki baada ya kukata nguo za wateja vimejaa gunia zima: vitenge, leso, vitambaa vya kanzu, vya buibui na vya madera. Kuvitupa naona hasara. Nivifanyie nini, na je, vinaweza kuuzwa?
*Fundi, Majengo*

Fundi, usianze na kufikiria utakachotengeneza. Anza na kulichambua gunia, kwa sababu humo mmechanganyika vitambaa visivyoweza kuishi pamoja. Ambacho hukijui ni pamba au la, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibanio juu ya sinia la bati, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka, hujivuta na kuacha donge gumu jeusi. Vitambaa vingi vya buibui na vya madera utavikuta huko kwenye donge, na vile vya kanzu mara nyingi ni mchanganyiko.

Weka pamba tupu upande mmoja, na hivyo vya kuyeyuka upande mwingine. Vya kuyeyuka vifanye mikoba, vifuko vya simu, bitana za mikoba hiyo, au ujazo wa mito ukivikatakata vidogo. Usivitumie hata kidogo kwenye vishikio vya sufuria, kwani sufuria iliyotoka jikoni itakiyeyushia kitambaa mkononi mwa mteja. Kikoi, ukiwa nacho, kimefumwa kwa nafasi na huchomoka haraka, kwa hiyo kiachie mshono wa nusu inchi badala ya robo. Kitenge ni kizito kuliko leso lakini vinakubaliana vikishafuliwa vyote.

Sasa zile kanda nyembamba za pamba, za inchi moja au mbili, ambazo kila fundi huziona hazina kazi. Kata shuka kuukuu katika miraba ya inchi 6 na nusu. Chukua mraba mmoja, weka ukanda wa kwanza kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, uso wake ukiwa juu. Juu yake laza ukanda wa pili, nyuso zikitazamana na kingo zikilingana, ushone robo inchi kupitia matabaka yote, ufungue ukanda wa pili na kuupiga pasi. Endelea hivyo mpaka pembe ya pili ijae, kisha urudi upande mwingine. Ukimaliza, geuza kazi, fuata ukingo wa shuka na ukate vyote vilivyotokeza. Utapata mraba wenye mistari ya mshazari, na minne ikiunganishwa pembe kwa pembe mistari hiyo hufanya umbo la almasi katikati. Uzuri wake ni kwamba kanda hazihitaji kulingana upana, na huhitaji kupima chochote isipokuwa shuka. Unaweza kumpa mwanafunzi wako wa kazi afanye mraba mmoja kila anaposubiri mteja.

Kazi hii ya kuokota na kuunga imeenea pande zote za bahari yetu na hata mbali zaidi. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu ambao asili yao ni Afrika, na wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, wakianzia ukingoni mwa kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, na kuzunguka kwa vipande mpaka wakutane na katikati; pembe nne huwekewa vipande vidogo vilivyokunjwa, na bila hivyo kazi huhesabiwa haijakamilika. Huko Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, wanawake Waafrika-Wamarekani walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa sababu ya uhitaji, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston. Nayataja haya kwa sababu ya swali lako la kuuza. Mteja ataangalia mishono na mpangilio wa rangi. Kwamba kitambaa kilitoka guniani hakipunguzi bei. Kinachokula pesa yako ni saa. Kwa hiyo anza na vitu vidogo ambavyo saa zake unaweza kuzihesabu, kama foronya za mito ya kochi za inchi 16 kwa 16, na mfarishi mzima ushone kwa agizo tu, ukiwa umepokea malipo ya awali.

Nina leso za bibi yangu, zimelegea lakini bado nzuri. Nataka kuzitia kwenye mfarishi, lakini shangazi anasema leso yenye jina haikatwi, ni kumvunjia bibi heshima. Moja imeandikwa "Wema hauozi". Nifanyeje?
*Mjukuu, Likoni*

Mjukuu, shangazi ana haki ya kusikilizwa, na kwa bahati matakwa yenu mawili yanapatana. Leso ina pindo, mji na jina, na kila sehemu ina kazi yake kwenye mfarishi. Likate jina zima pamoja na sehemu ya mji iliyo juu yake, uliweke katikati mwa mfarishi lisomeke bila kuguswa na mshono wowote; pindo zifanye ukanda wa kuzunguka; na mji uliobaki, hasa pale ulipolegea, ndio ukatwe viraka. Mpe shangazi aangalie mpangilio ukiwa umetandazwa kabla hujashika mkasi. Kitambaa kilicholegea kigandamizie kwanza shuka jepesi la pamba kwa nyuma, ushone vyote viwili kama kitu kimoja.

"Wema hauozi" ni jina la kulala nalo bila wasiwasi. Zisome na hizo nyingine kabla ya kuzitandika, kwani bibi zetu walinunua leso kwa sababu nyingi, na si kila fumbo lililomlenga jirani wa wakati ule linafaa kumkaribisha mgeni wa leo chumbani. Hilo likate vipande, shangazi hatalalamika.

Nimefungua kazi niliyoiacha kwa miaka. Pini zimeacha madoa ya kutu, na kuna vidoa vya ukungu. Bado inaokolewa?
*Msahaulifu, Mikindani*

Inaokolewa kama kitambaa hakijaanza kufumuka ukikivuta. Ikiwa bado ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, wa aina iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017, basi umri wake tunaujua sote wawili, na tatizo lake pia: plastiki huzuia unyevu usitoke, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu.

Utoe ukungu kwanza, nje ya nyumba, kwa brashi laini kitambaa kikiwa kikavu, kisha ukifue kwa sabuni na kukianika juani. Kwa kutu, kamulia ndimu juu ya doa, nyunyizia chumvi, uache juani saa moja au mbili huku ukiongeza maji ya ndimu yakikauka, halafu usuuze sana. Njia hii ni ya kitambaa cheupe. Chenye rangi kijaribu kwenye pembe isiyoonekana, kwani ndimu na jua hufifisha rangi pamoja na kutu, na kama rangi inatoka ni afadhali kukifumua kipande chenye doa na kuweka kingine. Ukimaliza, hifadhi kazi ndani ya foronya safi ya pamba, bila pini, na kila baada ya miezi michache, hasa masika yakiisha, ifungue, uikunje kwa mikunjo tofauti na ile ya awali, na kuipitisha kwenye upepo kivulini.